Jina Kifuani, Jina Kwenye Wimbo: Maswali ya Wasomaji

Barua za toleo hili zimekuja mafungu mawili: polisi, na muziki wa kujitegemea. Tulidhani tungezigawa katika safu mbili, lakini zikiwekwa pamoja mezani karibu zote zinauliza jambo moja: nani hasa alifanya, na jina lake limeandikwa wapi? Basi tumezijibu pamoja. Sheria tunazozitaja ni za Kenya, walikotoka waandishi wote.

SWALI: Mimi ni shabiki wa bendi moja ndogo ya hapa Nairobi. Hawana kampuni, wanarekodi chumbani, na onyesho lao silikosi. Mpiga besi wao ni askari polisi. Tangu maandamano ya Juni 2024, polisi walipowafyatulia risasi waandamanaji, marafiki zangu wanasema kuwasikiliza ni kuwasaliti waliopigwa risasi. Je, kosa la kikosi ni lake? (Shabiki, Umoja)

JIBU: Sheria ya jinai haimshtaki mtu kwa sababu ya sare yake. Inamtafuta aliyetenda, aliyeamuru na aliyesaidia. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011, linaloeleza matumizi ya nguvu, linasema kufuata amri ya mkubwa si udhuru wa kutumia nguvu kinyume cha sheria. Maneno hayo yanakata pande zote mbili. Aliyefyatua hawezi kujificha nyuma ya afande wake, na ambaye hakufyatua habebeshwi risasi ya mwenzake.

Tazama kesi ya mauaji ya wakili Willie Kimani, aliyeuawa Juni 2016 pamoja na dereva wao wa teksi na mteja wa wakili huyo, mwendesha bodaboda aliyekuwa amemlalamikia afisa aliyempiga risasi. Washtakiwa walikuwa watano: maafisa wanne na raia mmoja, mpasha habari wao. Julai 2022 Mahakama Kuu iliwatia hatiani maafisa watatu na yule raia, ikamwachilia afisa wa nne. Februari 2023 kila mmoja alihukumiwa kwa sehemu yake: kifo, miaka 30, miaka 24, na raia miaka 20. Miaka kadhaa kabla ya hapo, mwaka 2016, maafisa wawili walifungwa miaka 7 kila mmoja kwa kumuua bila kukusudia msichana wa miaka 14 huko Kinango, Kwale. Hiyo ndiyo hukumu ya kwanza ya hatia iliyotokana na uchunguzi wa Mamlaka Huru ya Kuangazia Utendakazi wa Polisi, IPOA.

Wakubwa nao hawako nje ya hesabu. Oktoba 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aliidhinisha mashtaka ya uhalifu dhidi ya ubinadamu kwa maafisa, makamanda wakiwamo, kuhusu operesheni ya Kisumu baada ya uchaguzi wa Agosti 2017, ambamo mtoto wa miezi sita alikufa. Mtu akikuambia "ilikuwa amri kutoka juu", jibu ni kwamba aliye juu atajibu yake, na wewe utajibu yako.

Sasa mpiga besi wako. Yanayofaa kuulizwa ni haya: siku ile alipangiwa wapi, aliona nini, na alichokiona alikiripoti kwa nani? Kwa maoni yangu, endelea kwenda. Kinachonifanya niupende muziki wa bendi ndogo kuliko ule wa majukwaa makubwa ni kwamba onyesho likiisha, mpiga besi anakunja waya zake mwenyewe, nawe unaweza kumsogelea ukamwuliza ana kwa ana. Akikujibu kama mtu mzima, umepata ulichokitafuta. Akiwadhihaki waliokufa, ondoka, na hakuna deni la ushabiki linalokurudisha pale. Kususia ni haki yako kabisa, mradi ujue unamsusia kwa lipi alilolitenda.

SWALI: Mimi ni konstebo mwenye miaka mitatu kazini. Nikiamriwa kufanya jambo ninalojua si halali, nifanye nini bila kupoteza kazi? (Jina limehifadhiwa)

JIBU: Ndugu konstebo, shikilia neno ulilolitumia mwenyewe: halali. Sheria inakuadhibu ukikaidi amri halali. Amri ya kuwafyatulia risasi watu wanaokimbia haimo humo. Silaha ya moto imeruhusiwa hasa pale maisha yako au ya mtu mwingine yamo hatarini papo hapo, tena baada ya kujitambulisha na kutoa onyo lenye muda wa kusikika, isipokuwa pale ambapo kuonya kwenyewe kungehatarisha maisha.

Amri ya shaka ukiipokea, irudie kwa sauti: "Afande, unaniamuru nifyatue kwa watu wanaokimbia?" Kama imekuja kwa redio, irudie kwa redio. Hilo si ukaidi. Unahakikisha umesikia sawasawa, na sasa wapo waliosikia pamoja nawe. Mkubwa aliyesema kwa mkato, mara nyingi hubadilisha maneno anapoyasikia yamerudi.

Bunduki ndiyo inayowaponza wengi. Unapoichukua, nambari yake na idadi ya risasi huandikwa pamoja na jina na sahihi yako. Hesabu risasi mwenyewe, moja moja, kabla ya kutia sahihi. Ukiandikiwa 30 ukapewa 29, iliyopungua ni yako. Usimwazime mwenzako bunduki hata kwa dakika tano, kwa kuwa maganda yakiokotwa mtaalamu huyalinganisha na silaha, na silaha hurudi kwenye jina lililoandikwa kitabuni, ambalo ni lako.

Weka daftari. Andika siku hiyohiyo: saa, mahali, nani alitoa amri, maneno yake, na wewe ulifanya nini. Usiache mistari mitupu katikati wala kuchana ukurasa. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa, likiwa bado linasomeka, kisha utie sahihi pembeni. Taarifa yako iandike peke yako. Maafisa watano wanapoleta taarifa zenye sentensi zilezile na makosa yaleyale ya tahajia, wakili yeyote atazipasua mahakamani, na aliyesema kweli ataanguka pamoja na aliyedanganya.

Ukifyatua, hata kama hakuna aliyeumia, mwarifu mkubwa wako mara moja. Nguvu iliyotumika ikimjeruhi mtu, mliopo mna wajibu wa kumpa msaada wa matibabu papo hapo na kuwaarifu jamaa zake. Kutompa msaada bila sababu ya msingi ni kosa la jinai kwa kila aliyekuwepo. Hapo ndipo maafisa ambao hawakugusa kifyatulio hujikuta na kesi, kwa kusimama tu na kutazama. Kukiwa na kifo au jeraha baya, IPOA lazima ijulishwe na eneo lilindwe lisivurugwe. Na ikiwa amri ni ya kumpiga mahabusu, ujue kwamba Sheria hiyo ya Polisi inaweka kifungo cha hadi miaka 25 kwa afisa anayetesa, na hadi 15 kwa ukatili au udhalilishaji.

Pa kuripoti ni Kitengo cha Masuala ya Ndani cha polisi, au IPOA moja kwa moja. Ukiona hatari kwako au kwa familia, omba mapema ulinzi wa Shirika la Kulinda Mashahidi, kabla jina lako halijazunguka kambini. Hatuwezi kukuahidi kwamba hutahamishwa. Lakini ukihamishwa ukiwa na daftari lenye tarehe, una cha kuonyesha.

SWALI: Tuliandaa onyesho la bendi tatu uwanjani mwa hoteli ndogo, Kilifi. Saa tano usiku askari wakaja, wakachukua mixa na spika mbili, wakamkamata fundi wa sauti. Tukaambiwa tupeleke 20,000 kituoni yaishe. Tulikosea wapi? (Mwandalizi)

JIBU: Mlikosea kwenye kelele. Wao, kama mlivyoeleza, walikosea kwenye pesa. Tuyatenganishe.

Kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele zinahesabu usiku kuanzia saa 2:01 usiku hadi saa 12:00 asubuhi. Mchana, katika eneo la makazi, kelele ikipimwa nje ya nyumba, kikomo ni desibeli 50. Panapochanganyika makazi na biashara ni 55, na eneo la biashara ni 60. Usiku yote hayo yanashuka hadi 35. Desibeli 35 ni chumba ambamo watu wananong'ona. Hakuna bendi yenye ngoma itakayopita humo, kwa hiyo bila leseni mmeshavunja kanuni kabla ya wimbo wa pili. Leseni ya kelele hutolewa kwa muda usiozidi siku saba. Anzeni kuuliza idara ya mazingira ya kaunti wiki tatu kabla, kisha nakala moja iende kwa mkuu wa kituo, moja kwa mwenye hoteli, na moja ibandikwe kwenye meza ya mixa. Fundi wenu alikamatwa kwa sababu ndiye aliyeonekana akigusa vitufe. Leseni yenye jina la mwandalizi ingeonyesha nani wa kuulizwa.

Hata mkiwa na leseni, msiwaonee majirani. Nje, sauti ya spika moja hupungua takriban desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu: 105 ukiwa mita moja huwa kama 85 kwenye mita 10 na 65 kwenye mita 100. Besi haitii vizuri hivyo. Hupenya kuta na kusafiri mbali, na ndiyo inayoamsha watoto. Inueni spika juu ya vichwa, ziinamisheni zielekee hadhira, migongo yake iwe upande wa nyumba. Kateni kila kilicho chini ya hezi 40, kwa kuwa kwenye spika ndogo kinakula nguvu bila kusikika. Simu msiiamini sana kupima kelele, maana mikrofoni zake nyingi huisoma besi pungufu.

Sasa pesa. Hati ya dhamana ya polisi ni bure. Dhamana ya fedha ina stakabadhi, na hurudishwa kesi ikiisha kama mshtakiwa alihudhuria. Shilingi 20,000 zisizo na stakabadhi ni hongo, na Sheria ya Hongo ya 2016 inamshtaki anayetoa sawa na anayepokea. Kwa hiyo mkiwa kaunta ombeni mambo matatu kwa upole na kwa mpangilio: kosa mnaloshtakiwa nalo, nambari ya tukio katika kitabu cha OB, na orodha ya vifaa iliyotiwa sahihi na afisa aliyevichukua. Orodha itaje aina, modeli na nambari ya kifaa iliyopigwa juu yake. "Spika mbili nyeusi" haitoshi, maana siku ya kurudishiwa mtapewa spika mbili nyeusi za mtu mwingine. Pigeni picha nambari hizo nyumbani leo, mzihifadhi pamoja na risiti za dukani.

Fundi wenu ana haki ya kuambiwa sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa, kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Saa hizo zikiishia nje ya muda wa mahakama, ni hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Ndiyo maana kukamatwa Ijumaa usiku kunauma kuliko Jumatatu. Kesi ikifunguliwa, wakili aiombe mahakama vifaa vipigwe picha kama ushahidi na vyenyewe virudi kazini.

SWALI: Afisa aliyenipiga rungu hakuwa na jina kifuani na alifunika uso. Nitamlalamikia nani? (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Afisa mwenye sare lazima avae jina au nambari ya utumishi mahali panapoonekana. Ni Jedwali lilelile la Sita, na mwaka 2024 Mahakama Kuu ilitoa amri kusisitiza hilo. Kukosekana kwake ni malalamiko ya peke yake, ya pili juu ya lile la kupigwa.

Kusanya vilivyobaki: saa kamili, barabara, nambari ya gari (ya serikali huanza na GK), rangi ya sare, kofia nyekundu ya GSU, kikosi maalumu cha polisi, kama ilikuwepo, na nani alionekana akiongoza. IPOA inaweza kudai orodha ya waliopangiwa eneo hilo, na kundi la watu wasio na sura linapungua hadi majina kumi au kumi na mawili. Nenda hospitali kwanza, kituo cha polisi baadaye, ukitunza karatasi za matibabu. Kisha ripoti OB na uchukue fomu ya P3, ya kuandikia majeraha yako, ambayo kituo huitoa bure. Ukiogopa kituo cha eneo hilo, nenda kingine, au piga 1559 ya IPOA. Piga picha michubuko siku ya kwanza na ya tatu, sarafu ikiwa kando kuonyesha ukubwa, kwa sababu michubuko mingine hukolea baadaye. Nguo zenye damu zikaushe kivulini uziweke kwenye mfuko wa karatasi, maana kwenye plastiki huoza. Ukitaka kuidai serikali fidia kwa njia ya kawaida ya madai, muda ni miezi 12 tu. Wengi hukumbuka mwezi wa kumi na tatu.

Aliyekupiga akiwa baunsa wa ukumbini, IPOA haimhusu. Huyo ripoti polisi kama raia mwingine yeyote.

SWALI: Tuko watatu: mwimbaji, rapa na mtengeneza biti. Wimbo wetu umeanza kuchezwa na tayari tunagombana. Nani mwenyewe? (Kundi, Mombasa)

JIBU: Wimbo mmoja una mali mbili. Kuna utunzi, yaani maneno na melodia, na kuna rekodi, yaani ile faili mliyoipakia. Hugawanywa kando. Mtengeneza biti aliyebuni kinanda mnachokiimbia ni mtunzi pia. Aliyebonyeza tu kitufe cha kurekodi si mtunzi.

Hapa sheria ina mtego ambao watengeneza biti wengi hawaujui. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kazi iliyoagizwa na mtu huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Ukisema "nitengenezee biti, hii hapa elfu tatu", mwenzako huenda amepoteza asichokusudia kuuza. Na kama biti ilikuwepo tayari na unainunua, uhamisho wa hakimiliki lazima uwe kwa maandishi. Ujumbe wa sauti hautoshi.

Karatasi moja inatosha. Jina la wimbo, tarehe, majina ya kitambulisho na ya kisanii, asilimia za utunzi zinazofika 100, asilimia za rekodi zinazofika 100, nani alilipa studio na kama atarudishiwa kwanza. Tieni sahihi kabla ya kutoka studio, wimbo ukiwa bado hauna thamani. Hakuna anayegombania asilimia 33 ya sifuri. Andikeni pia ni akaunti ya nani itakayopokea pesa, kwa kuwa huduma nyingi za kusambaza hulipa akaunti moja, na ugomvi wa kweli huanzia hapo.

Kila rekodi ipate msimbo wake wa ISRC, yaani alama ya kimataifa ya kuitambulisha rekodi, wenye herufi na tarakimu 12. Mkihama msambazaji, hamieni na msimbo uleule, la sivyo hesabu ya waliosikiliza inaweza kuanza upya. Remiksi ina msimbo wake. Sajilini kazi kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO. Haki huzaliwa wimbo unaporekodiwa, lakini cheti husaidia kwenye ushahidi. Kuhusu mirabaha, kuna vyama vya kuikusanya: MCSK ni ya watunzi, KAMP ya wenye rekodi, na PRISK ilianzishwa kwa ajili ya waimbaji na wapigaji. Mtu mmoja anaweza kuhitaji chama cha kila kundi. Kabla ya kujiunga, hakikisha chama kina leseni ya KECOBO ya mwaka huo, kwani leseni hizi zimewahi kunyimwa na kurudishwa.

SWALI: Mbona mnasifu muziki uliorekodiwa vibaya? Na shabiki asiye na pesa nyingi awasaidieje? (Msomaji, Thika)

JIBU: Kuna ukwaruzo na kuna uharibifu. Sauti iliyopandishwa mno hadi vilele vya mawimbi yake vikakatika ni uharibifu, vilevile mvumo wa umeme wa hezi 50 chini ya wimbo mzima, au biti ya MP3 iliyopakuliwa mtandaoni na kurekodiwa tena. Ukwaruzo ni uamuzi. Sikiliza singeli ya studio ya Sisso, Mburahati, Dar es Salaam, ambayo lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala iliikusanya mwaka 2017. Mapigo yanapita 200 kwa dakika, vinanda vimebanwa hadi vinalia kama ndege, na ukiusafisha muziki ule utaua kilichokuwa hai ndani yake. Sipendi singeli inayopakwa marashi ili ifae redio.

Kwa upande wa pili kabisa yuko mwanamuziki KMRU wa Nairobi. Vipande vyake vya 2020 ni virefu na havina ngoma. Vinataka spika za masikio na saa moja ya subira. Anafaa kutajwa hapa kwa jambo lingine pia: babu yake ni marehemu Joseph Kamaru, mwanamuziki mkubwa wa Kikuyu, na mjukuu ndiye anayezitoa upya rekodi za mzee kupitia Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, jina likiwa pale pale juu ya kazi.

Kuhusu pesa, hesabu ni hii. Spotify, tangu 2024, hailipi chochote kwa rekodi isiyofikisha michezo 1,000 ndani ya miezi 12. Bandcamp hukata asilimia 15 ya mauzo ya faili, pamoja na ada ya malipo, na kinachobaki humfikia msanii kupitia PayPal, ambayo tangu 2018 huweza kuhamishwa hadi M-Pesa. Albamu moja ukiinunua mara moja kwa mwezi ni msaada mkubwa kwa bendi ndogo kuliko kuiacha ikicheza usiku kucha umelala. Chagua faili ya FLAC au WAV, ambazo hazipunguzi ubora wa sauti. Kisha soma orodha ya wapigaji, na msanii akiwa hakuiweka, mwandikie umuulize nani alipiga besi.